Siku Niliyomsifia Mwenye Shamba Mvinyo Usio Wake

Nilipoondoka nyumbani Kenya kwenda Birmingham, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilikuwa sijawahi kuonja pombe ya aina yoyote. Silisemi hili kwa kujisifu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu lilikuwa kali kiasi kwamba hata kwenye Meza ya Bwana tulipewa maji ya zabibu kavu zilizochemshwa na mama mmoja wa ushirika. Neno divai nililijua kutoka kwenye Biblia tu, nikaliweka pamoja na ubani na manemane, vitu vya watu wa kale wenye ndevu ndefu.

Nilikwenda kusomea uhasibu. Masomo yalikuwa ya jioni, kwa hiyo mchana nilihitaji kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa kwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa na ghala chini ya matao ya reli kule Digbeth, karibu na kituo cha mabasi ya safari ndefu. Siku ya usaili aliniuliza swali moja tu, kama ninakunywa. Nikamjibu kwa fahari kwamba sijagusa na sitagusa. Akanipa kazi papo hapo. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mtu aliyekuwa na kazi hiyo kabla yangu alikuwa amekutwa amelala ndani ya pipa tupu.

Nyumbani nilipeleka habari kwamba nimeajiriwa na kampuni ya maji ya zabibu. Haukuwa uongo. Sikutaja tu umri wa maji yenyewe.

Bosi wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, mwenye masharubu meupe, na alitembea kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni. Siku hizo mvinyo mwingi wa Ufaransa uliletwa Uingereza ndani ya mapipa, kisha ukatiwa kwenye chupa huko huko. Sisi tulipokea mapipa ya mashamba mengi, lakini moja ndilo lililokuwa moyo wa biashara. Lilikuwa shamba la mizabibu la upande wa Bordeaux, karibu na mto mpana unaoingia baharini. Jina lake lina maneno manne, na kwa kuwa hata leo nalitamka vibaya, nitaliacha.

Juma langu la kwanza kazini yakaja mapipa ya shamba hilo. Bosi alitumbukiza mrija wa kioo kwenye pipa, akachota, akanimiminia glasi.

"Onja, halafu tema," akasema, akinionyesha ndoo yenye unga wa mbao.

Sasa, mimi nimelelewa. Mtu akikukaribisha kinywaji, ukakitema mbele yake, umemtukana yeye na ukoo wake. Isitoshe nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba sinywi, na yeye alionekana kulihesabu jambo hili kuwa si kunywa bali ni kazi. Nikafumba macho, nikameza. Ulimi ulikauka, fizi zikakaza, mashavu yakavutana kwa ndani kana kwamba nimetafuna ganda la ndizi mbichi.

"Samahani, bwana," nikamwambia. "Nadhani huu umeharibika."

Alicheka hadi treni iliyokuwa ikipita juu yetu ikaisha kupita. Kisha akanieleza kwa upole. Ule ukakasi haukuwa ubovu. Mizabibu ya shamba lile imepandwa kwenye changarawe, udongo wa kimaskini usioshika maji, kwa hiyo mizizi inakwenda chini sana kuyatafuta. Zabibu zake ni ndogo na ngozi yake ni nene, na ukakasi unatoka kwenye ngozi. Ndio unaoulinda mvinyo miaka yote unapokomaa. Ukiunywa ungali mchanga, unakufukuza. Ukiusubiri, unakuja wenyewe.

"Mvinyo wa shamba hili," akasema, "hauna haraka ya kupendwa."

Maneno mazuri. Bahati mbaya tulikuwa na mapipa mengine ya kuonja, na mimi, kwa adabu zangu, nikameza kila glasi. Kwenye basi la Stratford Road nilipita nikiwasalimia abiria mmoja mmoja kwa mkono, jambo ambalo Waingereza hawajalizoea. Nilipofika Sparkhill tulikopanga mimi na mke wangu, mwenye nyumba wetu ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa Singasinga, fundi seremala aliyehamia kutoka Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko miguu yangu.

"Polepole, bwana," akaniambia. "Ngazi haikimbii."

Mke wangu alikuwa amesimama juu ya ngazi hiyo na sare yake ya uuguzi, tayari kwenda zamu. Yeye ndiye aliyetangulia kuja Birmingham, na mimi nilimfuata, kwa hiyo nchi ile aliijua na mimi alinijua.

"Umegongwa na lori la pombe?" akauliza.

"Ni kazi," nikasema.

"Kazi gani hiyo inayomfanya mtu acheke na ngazi?"

Asubuhi yake nilitoka nyuma ya nyumba na glasi ya maji, nikaanza kujifunza kutema.

Nilijifunza. Nilijifunza pia kuviringisha mapipa, kuosha chupa na kupiga vizibo, na mwaka mmoja hivi ungepita bila mtu kujua kwamba nina pua, kama si tukio moja dogo. Bosi alikuwa amefungua chupa ya zamani ya lile shamba kwa ajili ya mteja wake, mwanasheria mmoja mnene. Kwa mzaha tu akanigeukia, akanipa glasi, akaniuliza nasikia harufu gani. Nikanusa. Ilikuwa harufu ninayoijua, lakini niliitafuta kwa muda. Ilikuwa darasa la shule ya msingi, asubuhi ya baridi, tumeinama wote tunachonga penseli kwa wembe, na vipande vyekundu vya mtarakwa vinaangukia magotini.

"Penseli," nikasema.

Bosi akaweka glasi yake mezani polepole. Mwanasheria akaacha kutafuna. Kumbe wataalamu wote wa mvinyo ule walikuwa wakisema hivyo hivyo, kwamba ukikomaa unanuka mti wa mtarakwa, na bosi mwenyewe alikiri ilimchukua miaka kuisikia harufu hiyo. Akaniuliza kama kuna kingine. Nikanusa tena, nikasema zambarau zilizoiva hadi zikaanguka. Wala hakujua zambarau ni nini, lakini aliitikia kwa kichwa kama aliyezaliwa chini ya mzambarau.

Kuanzia siku ile niliitwa Pua. Niliacha kuosha chupa. Bosi akaanza kunichukua kwenda naye kwenye vilabu vya waungwana na nyumba za madaktari, ambako nilisimama mbele ya watu walionizidi umri na vitambi, nikawaeleza tabia ya mvinyo wa Kifaransa. Nilinunua tai ya kipepeo. Nilijifunza kufumba jicho moja. Ukweli ni kwamba mtaji wangu wote ulikuwa penseli na zambarau, lakini maneno mawili yakisemwa taratibu na mtu aliyefumba jicho yanafika mbali. Nilipozidiwa niliongeza harufu ya chuma, au ya udongo baada ya mvua, na daima alikuwepo mtu wa kusema, "Kabisa, kabisa."

Nyumbani nilikuwa sivumiliki. Siku moja nilionja mchuzi wa mke wangu, nikatulia, nikamwambia kwamba una mwanzo mzuri lakini mwisho wake ni mfupi.

"Mwisho wake ni mfupi kwa sababu umeumaliza," akasema. "Osha sahani."

Mbaya zaidi ilikuwa kanisani. Wakristo wa Kenya tulikuwa tukikutana Acocks Green, kwenye ukumbi mdogo, na Jumapili moja ya Meza ya Bwana nilijikuta nimeshika kile kikombe kidogo cha maji ya zabibu, nakizungusha mbele ya mwanga wa dirisha, kisha nikatia pua. Mchungaji alinyamaza katikati ya sala. Mke wangu alinikanyaga mguu kwa kisigino, na bado nikasikia kwamba yalikuwa matamu kupita kiasi.

Katikati ya miaka ya sabini bosi aliingia ghalani siku moja uso umemshuka. Shamba lilikuwa limeamua kutia mvinyo wake wote kwenye chupa kule kule nyumbani. Mapipa tuliyokuwa nayo ndiyo ya mwisho. Mwenye shamba, mjane, alikuwa anakuja Birmingham mwenyewe kutuaga, na bosi alitaka kumwandalia chakula cha mchana palepale ghalani, katikati ya mapipa, pamoja na wateja wetu wa zamani.

"Tutatoa mvinyo wake wa mavuno ya miaka mitatu tofauti," akasema, "na wewe utausemea. Hakuna anayeujua kama wewe."

Mtu mwenye akili angekataa. Mimi niliuliza niseme kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Nikaazima sahani za santuri za kujifunzia Kifaransa kutoka maktaba, nikawa nafanya mazoezi chumbani kila jioni, mpaka mwenye nyumba akapanda kuuliza kama kifua kimenibana.

Siku ikafika. Asubuhi nilimimina mvinyo wa kila mwaka kwenye jagi lake la kioo ili upate hewa. Wa mwaka bora kuliko yote niliumimina wa mwisho. Mpishi aliyekodiwa alikuwa ameomba mvinyo wowote wa kawaida kwa ajili ya mchuzi wa nyama, kwa hiyo nikamimina na jagi la nne, la mvinyo wa bei rahisi wa Algeria. Kisha nikarudi nyuma kutazama, nikaona kwamba mwaka ule bora upo kwenye jagi lenye ufa, na ule wa Algeria upo kwenye jagi zuri la shingo ndefu. Haikupendeza. Nikaazimia kuubadilisha mvinyo, kila mmoja ukae kwenye jagi unalostahili. Wakati huo huo bosi akaniita nikamnyooshee tai, na niliporudi nilikuwa na hakika kabisa kwamba kazi ile nimekwisha kuifanya. Nikachukua jagi la ufa, nikampelekea mpishi.

Nilikuwa mlangoni nikingoja gari la kifahari wakati alipotokea mwanamke mfupi, amevaa koti la kahawia lililochakaa viwiko na viatu vizito. Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye sugu. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa kituo cha mabasi.

"Jikoni ni kwa nyuma, mama," nikamwambia. "Umechelewa kidogo."

Alinitazama, akatabasamu, akasema asante, akaenda. Nami nikaendelea kungoja gari.

Bosi ndiye aliyemkuta. Alikuwa amesimama karibu na jiko, ameshika taulo, anafuta glasi na kuzipanga vizuri kuliko nilivyozipanga mimi. Sauti aliyoitoa bosi nilikuwa sijawahi kuisikia kwa mwanajeshi. Mwenye shamba mwenyewe hakuona kosa. Alisema kwa Kiingereza chake kizito kwamba jikoni kulikuwa na joto na yeye alikuwa na baridi.

Tukakaa mezani. Niliusemea mvinyo wa kwanza, ambao ulikuwa mchanga, nikaeleza ukakasi na changarawe. Niliusemea wa pili. Kisha nyama ikaletwa na mchuzi wake, nikanyanyua lile jagi la shingo ndefu kwa mikono miwili, nikawamiminia wote, nikasimama. Nilianza kwa Kifaransa. Baada ya sentensi moja yule mama aliniomba kwa upole niendelee kwa Kiingereza.

Nikaendelea. Nilifumba jicho. Niliwaambia kwamba hapa sasa tumefika. Hapa hakuna tena ukali wa ujana, bali mtarakwa, penseli iliyochongwa alfajiri, zambarau, chuma baridi, na chini yake kabisa changarawe yenyewe ikizungumza. Nilisema kwamba mtu aliyewahi kunusa mvinyo huu hawezi kuuchanganya na mwingine duniani. Yule mwanasheria mnene akasema, "Dhahiri kabisa." Daktari mmoja alifuta macho.

Mwenye shamba alikunywa kidogo, akaiweka glasi. Alikata kipande cha nyama, akala, kisha akasimamisha uma hewani. Akachukua mkate, akaupitisha kwenye mchuzi, akautia mdomoni na kufumba macho yote mawili.

"Bwana," akaniambia, "yote uliyosema ni kweli. Lakini mvinyo unaousema haumo kwenye glasi. Umo kwenye mchuzi."

Niliomba treni ipite juu yetu, na ikiwezekana ianguke. Bosi alinyanyua glasi yake, akanusa, akalitazama jagi, akanitazama mimi, na rangi ikampanda kutoka kwenye kola hadi kwenye nywele. Nikakumbuka jagi la ufa. Nikakumbuka tai. Nikakaa.

Yule mama akacheka. Hakikuwa kicheko cha kumdhihaki mtu. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka na safari ambaye hatimaye amepata kitu cha kumfurahisha. Akaomba aongezewe mchuzi. Na hapo, nawaapia, meza nzima ikachukua mkate. Mwanasheria alisema kwamba sasa anaisikia penseli waziwazi. Daktari alisema yeye alikuwa ameihisi tangu mwanzo lakini hakutaka kumkatiza msemaji.

Chakula kilipokwisha nilijificha nyuma ya mapipa, nikijifanya nakagua bomba. Alinifuata huko.

"Hiyo penseli umeitoa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia habari za darasa, wembe, na mitarakwa iliyokuwa kwenye msitu juu ya kwetu. Alinisikiliza bila haraka.

"Mume wangu alikuwa akisema unanuka kabati la nguo la bibi yake," akasema. "Kila mtu ananusa kwao."

Kisha akaniuliza kama kuna mahali anapoweza kula siku ya pili yake, maana ilikuwa Jumapili na mtu wa hotelini alikuwa amemwambia kwamba karibu kila kitu kitafungwa. Alikuwa peke yake. Nikasema, kabla akili haijanifikia mdomoni, "Karibu kwetu."

Mke wangu nilimkuta anapiga pasi.

"Umemwalika nani?"

"Mwenye shamba."

"Shamba la nini?"

"Lile la mvinyo."

"Mzee," akasema, akaisimamisha pasi, "katika nyumba hii hii ambamo akina mama wa maombi hukutana?"

Nikamweleza kila kitu, tangu jikoni hadi mchuzi. Alicheka mpaka akaketi juu ya nguo alizokwisha kuzinyoosha. Alipopata pumzi aliuliza, "Anakula pilipili?" Nikajua mambo yamekubalika.

Alikuja baada ya ibada, kwa basi, na koti lile lile. Mwenye nyumba alituazima viti vyake vizuri, alivyovitengeneza mwenyewe. Mke wangu alikuwa amepika nyama ya kondoo, chapati, irio za viazi na njegere, na kabichi badala ya sukuma wiki. Mgeni alitoa chupa kwenye mkoba, chupa ya zamani, lebo yake imeliwa na unyevu. Mke wangu aliitazama kwa muda, kisha akaipokea kwa mikono miwili kama inavyopokewa zawadi ya mgeni, akaiweka mezani kando ya birika la chai.

Kuifungua ilikuwa kazi yangu. Kizibo kilikatika nusu, na nusu nyingine nikaisukumia ndani. Tukauchuja mvinyo kwa kichungi cha chai. Mgeni alisema kwao nao hufanya hivyo, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au huruma.

Nilitegemea kueleza kidogo. Hakuna aliyenihitaji. Mgeni alikula kwa mkono baada ya kumtazama mke wangu mara moja, akanywa mvinyo wake na nyama, akasema kwamba mvinyo wa shamba lake haupendi kukaa peke yake, unatafuta mafuta na chumvi. Kisha akaomba kikombe cha ile chai nzito ya mke wangu, isiyo na maziwa, akaizungusha mdomoni.

"Hii nayo inakausha ulimi," akasema. "Tunafanya biashara moja, mimi na wewe."

"Mimi sifanyi biashara," mke wangu akasema. "Mimi nawachoma wagonjwa sindano. Nani anakusaidia huko shambani?"

Akatueleza. Alikuwa na mwana mmoja aliyekuwa Paris akiuza magari, hataki habari za mizabibu. Mume wake alifariki majira ya kuchipua, juma ambalo baridi kali ilishuka bila kutazamiwa na machipukizi yalikuwa yameanza. Walimzika asubuhi. Jioni ile alirudi shambani na wafanyakazi kuwasha moto kati ya mistari ya mizabibu ili barafu isiyaue machipukizi. Alisema alivaa koti la marehemu kwa sababu lilikuwa karibu na mlango, na akaendelea kulivaa.

Mke wangu aliweka kikombe chini. "Pole sana, mama."

Kisha akamweleza mgeni habari ambazo hata mimi nilikuwa sijazisikia zote. Mama yake alifiwa na mume wakati kahawa imeiva. Waombolezaji walikuwa bado uani, na mama akachukua kikapu, akatoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kahawa ikianguka imeanguka. Watu walimsema miaka mingi. Mke wangu alikuwa msichana mdogo, akamfuata, wakachuma pamoja bila kuongea.

"Walisema hana uchungu?" mgeni akauliza.

"Walisema hivyo."

"Na mimi walisema."

Mimi nikakohoa, nikaona huu ndio wakati wa kuchangia, nikawaambia kwamba kitaalamu baridi ya majira ya kuchipua hupunguza wingi wa zabibu lakini huongeza ukakasi.

Walinitazama wote wawili. Nikakusanya sahani nikaenda kuziosha.

Nikiwa kwenye sinki niliwasikia wakiendelea. Mke wangu alimuuliza kwa nini ameacha kuuza mapipa. Akasema kwamba bosi wangu ni mtu mwaminifu, lakini kwingineko wako watu wanaochanganya mvinyo wake na wa mashamba mengine, kisha wanaandika jina lake juu ya chupa. "Nataka mtoto wangu akitoka nyumbani awe amekwisha kuvaa," akasema. Mke wangu aliitikia kwa mguno ule wa kwetu ambao hauna tafsiri. Mgeni alipoondoka waliagana kwa kukumbatiana, na akatualika twende kwake wakati wa mavuno. Alimwalika mke wangu, kwa kweli, akaniongeza mimi mlangoni.

Mapipa yalipokwisha, cheo cha Pua nacho kilikwisha. Chupa sasa zilikuja zimezibwa na zina lebo, na hakuna mtu anayehitaji Mkenya amweleze kilichoandikwa. Bosi alinihamishia ofisini kwenye hesabu, kazi niliyokuwa nimeisomea. Hakunigombeza hata siku moja kuhusu ule mchana. Ila kila Krismasi, alipokuwa akitugawia zawadi ya chupa, mimi alinipa ya Algeria.

Miaka miwili au mitatu baadaye tulikwenda kwenye mavuno kweli. Tulipanda basi Digbeth, tukavuka bahari kwa meli, tukachukua treni. Nilikuwa nimelieleza shamba lile mbele ya watu kwa miaka mingi, na nilipoliona sikulitambua. Kwenye lebo nyumba ina minara miwili. Nyumba yenyewe ina mmoja. Mwenye shamba alisema babu wa mumewe alichora na wa pili akiwa na matumaini ya kuujenga, na fedha zikaishia kwenye mchoro.

Nilipewa mkasi, na kabla ya mstari wa kwanza kwisha nikajikata kidole. Wakanipa kapu la kubeba mgongoni. Nilianguka nalo mbele ya gari la kukokota, zabibu zikamwagika kwenye changarawe ile niliyoisifu sana. Mwishowe nikaketishwa mezani na vikongwe wawili, kazi yetu kutoa majani kwenye vichala. Mke wangu alikuwa mbali mistarini na mwenye shamba, amefunga leso, mikono inakwenda kama ya mtu anayechuma kahawa, wanaongea kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili na hawaishiwi.

Siku yetu ya mwisho, saa za alasiri, mwenye shamba alifungulia bomba la tangi lililojazwa asubuhi ile, akachota juisi ya zabibu zilizopondwa, nyeusi na yenye povu. Akampa mke wangu. Akamwambia asiogope, haijaanza kugeuka mvinyo, ni tunda tu. Wafanyakazi wakasimama kumtazama, maana wote walikuwa wamesikia kwamba huyu hanywi.

Mke wangu alionja. Alikaa nayo mdomoni, akameza.

"Ni tamu," akasema kwa Kiswahili, "lakini ina meno."

Nikatafsiri kwa Kiingereza, mwenye shamba akawatafsiria kwa Kifaransa. Wakacheka, kisha wakairudia wenyewe kwa wenyewe, mzee mmoja akaisema tena akigonga tangi kwa kiganja. Nami nikaona haifai mtaalamu kunyamaza, nikanyanyua kidole chenye bendeji, nikaanza kuwaeleza uhusiano wa meno hayo na unene wa ngozi. Nilikuwa nimefika kwenye changarawe trekta ilipoingia na mzigo mwingine, ikabidi wote tusogee ukutani kuipisha.